Vidole vya Yesu na mtoto asiyeona wala kusikia



Leo ni Jumapili ya 23 ya Mwaka B wa Kanisa, na Injili yetu ni ya Marko, sura ya 7, aya ya 31 hadi ya 37. Watu wa nchi ya Dekapoli wanamletea Yesu mtu aliye kiziwi na mwenye utasi, wakimsihi amwekee mkono. Ni Injili fupi, tumeizoea, na mahubiri yake mara nyingi huishia kwenye neno lile moja, Efatha, yaani funguka. Leo naomba tusilikimbilie neno hilo. Tuanze na vidole.

Marko anaeleza kwamba Yesu alimtenga mtu yule na makutano, akamtia vidole masikioni, akatema mate, akamgusa ulimi. Baada ya hayo ndipo alipotazama mbinguni, akaugua, akanena. Kwa nini alifuata mpangilio huo? Fikiri kidogo, msomaji. Mtu yule hasikii. Ukimwambia, "Usiogope, nimekuja kukusaidia," maneno yako yanampita. Yesu anaongea naye kwa lugha anayoweza kuipokea, lugha ya kuguswa. Kidole kikiingia sikioni kinamwambia: najua taabu yako iko hapa. Kidole kikigusa ulimi kinamwambia: na hapa pia. Kwa hiyo kabla ya muujiza kulikuwa na mazungumzo, na mazungumzo yale yalifanywa kwa mikono.

Sura inayofuata, Marko 8:22-26, Yesu anamshika mkono kipofu wa Bethsaida, anamwongoza hadi nje ya kijiji, anamgusa, anamuuliza kama anaona kitu, kisha anamgusa tena. Hana haraka naye.

Nimeziweka Injili hizi mbili pamoja makusudi. Wapo watoto walio na shida ya yule wa Dekapoli na ya huyu wa Bethsaida kwa wakati mmoja. Hawasikii na hawaoni. Tunawaita viziwi wasioona. Nataka tutafakari juu yao, juu ya wazazi wao, na juu ya wachache wanaofanya kazi ya kuwafundisha.

Ulemavu wa aina yake

Mtu anaweza kudhani kwamba mtoto kiziwi asiyeona ni kiziwi aliyeongezewa upofu, basi. Si hivyo. Mtoto kiziwi hutumia macho kujifunza alama. Mtoto asiyeona hutumia masikio kumjua mama kwa sauti na kujua mvua imeanza kwa kishindo cha bati. Kila mmoja ana mlango mwingine wa kupitia. Mtoto kiziwi asiyeona amefungiwa milango yote miwili, au imebaki wazi kidogo sana, na ndiyo maana wataalamu wanauhesabu kuwa ulemavu wa aina yake peke yake.

Nimesema imebaki wazi kidogo, maana wengi wao wana mabaki ya kuona au ya kusikia. Mwingine anatambua mwanga na kivuli. Mwingine anasikia ngoma ikipigwa karibu. Mabaki hayo ni hazina, na mtoto asipopimwa mapema hazina hiyo hupotea bure.

Mwaka 2018 Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba watu wawili hivi katika kila 1,000 wana hali hii kwa kiwango kikubwa. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba nafasi ya watoto hawa kuwa shuleni inaweza kuwa ndogo hadi mara 17 kuliko ya watoto wasio na ulemavu. Hesabu hiyo inatuhusu hata sisi tulio mbali na miji mikubwa. Mtoto wa namna hii yumo katika kata yako, pengine katika jumuiya yako ndogo ndogo. Kama hujamwona, jiulize yuko chumba gani.

Swali linalowaumiza wazazi

Huku Makongolosi, wilayani Chunya, tunaishi juu ya dhahabu. Watu wametoka kila upande wa nchi kufuata mashimo, makarasha yanasaga mawe mchana na usiku, na mji umekua haraka. Dhahabu ikisikika kwingine, baba anafunga begi na kuondoka. Bibi na shangazi wamebaki mkoani walikotoka. Kwa hiyo mama anayejifungua mtoto mwenye ulemavu mahali kama hapa mara nyingi hana wa kumpokea mtoto hata kwa saa moja.

Namfahamu mama mmoja wa aina hiyo. Jina lake nalihifadhi. Anauza chakula kwa wachimbaji, na mtoto wake wa kike hasikii na haoni. Baba wa mtoto aliondoka zamani. Asubuhi mama alikuwa akimfunga mtoto kwa kanga kwenye mguu wa kitanda, kwa kuogopa asitoke akaanguka shimoni, kisha anakwenda kutafuta riziki. Jirani walimsema kuwa ni katili. Wengine walisema ametoa mtoto kafara ili biashara iende. Alipelekwa kwa mganga, akalipa. Akapelekwa kwenye mikutano ya maombi ya uponyaji, akaambiwa atoe sadaka ya imani, akatoa mtaji. Siku tuliyomtembelea aliniambia: "Padri, kumbeba mtoto huyu sijachoka. Nimechoka kuulizwa nilimfanyia nini."

Mpendwa msomaji, swali hilo ni la zamani. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi wanamuuliza Yesu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu anajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Mkristo anayeendelea kuuliza swali hilo baada ya Bwana kulijibu anamtesa mzazi bila sababu.

Sababu za kweli zinajulikana. Wapo watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Wapo wanaougua homa ya uti wa mgongo. Zipo hali za kurithi, ambazo mzazi hakuzichagua. Na upo ugonjwa wa rubela, homa ndogo yenye vipele ambayo mtu mzima anaweza kuipita bila kulala kitandani. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aligundua kwamba watoto wengi aliowapokea wakiwa na mtoto wa jicho walizaliwa na mama walioupata ugonjwa huo mwanzoni mwa ujauzito. Baadaye ikajulikana kwamba rubela humharibia mtoto tumboni macho, masikio na moyo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, na mtoto huipata akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Mama, usiikatishe kliniki. Na ukiona weupe ndani ya jicho la mtoto, usisubiri akue. Mpeleke hospitali, kwa kuwa mtoto wa jicho hupasuliwa, na kuwahi ndiko kunakookoa uwezo wa kuona.

Kwa watu wa migodini naongeza neno moja juu ya zebaki. Kule Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 ulitokana na zebaki iliyoingia katika samaki. Watu walipoteza nguvu za kuona na kusikia, na watoto walizaliwa na ulemavu mkubwa kwa sababu mama zao waliwala samaki wale wakiwa wajawazito. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Simnyoshei mtu kidole. Ila nawasihi akina baba: msichome dhahabu kwenye jiko analopikia mama, na mjamzito asikae penye moshi huo.

Kisu kidogo cha Marie

Mtu atauliza: Padri, mtoto asiyeona wala kusikia unamfundishaje? Utaanzia wapi? Wengi wamesikia habari za Helen Keller wa Marekani na mwalimu wake Anne Sullivan, aliyefika nyumbani kwao mwaka 1887. Lakini ndani ya Kanisa letu tunayo habari nyingine ambayo wachache wanaijua.

Marie Heurtin alizaliwa mwaka 1885 huko Vertou, karibu na Nantes, Ufaransa, akiwa haoni wala hasikii. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa. Mtoto alikuwa akipiga kelele na kujigaragaza, na watu waliona kuwa ni mwendawazimu. Mwaka 1895, akiwa na miaka 10, alipokelewa na watawa Mabinti wa Hekima, shirika la Mtakatifu Louis-Marie de Montfort, katika nyumba yao ya Larnay karibu na Poitiers. Alikabidhiwa kwa Sista Marguerite.

Marie alikuja na kisu kidogo cha kutoka nyumbani, akakipenda kuliko kitu chochote. Sista akamnyang'anya. Mtoto akawaka hasira. Sista akaishika mikono yake, akaupitisha mkono mmoja juu ya mwingine kama anayekata, kisha akamrudishia kisu. Akakichukua tena, akarudia alama ile, akarudisha. Akarudia tena na tena. Siku moja mtoto, alipokosa kisu chake, akaifanya alama mwenyewe. Wakati ule alielewa kwamba mikono inaweza kusema jina la kitu, na kwamba upande wa pili yuko mtu anayeelewa.

Baada ya kisu likaja yai, ukaja mkate, na polepole yakaja mambo ya moyoni na ya Mungu. Marie alijifunza kusoma kwa nukta nundu na kupokea Komunyo Takatifu. Baadaye mdogo wake Marthe, aliyezaliwa na hali ile ile, aliletwa Larnay, na Marie akasaidia kumfundisha. Sista Marguerite alifariki mwaka 1910, Marie akafariki mwaka 1921.

Angalia jinsi Sista alivyoanza. Alianza na kitu ambacho mtoto tayari anakipenda. Kwa mtoto wa hapa kwetu kinaweza kuwa kijiko, kipande cha kanga ya mama au sufuria. Walimu wa watoto hawa wanafanya hivyo hadi leo. Kabla ya chakula mtoto anapewa kijiko mkononi, kila siku, kijiko kile kile. Kabla ya kuoga anapewa kitambaa cha kuogea. Baada ya muda mtoto anajua siku yake ina mpangilio, na hofu inapungua, kwa kuwa kinachokuja sasa kinatangulia kupiga hodi.

Yapo mambo mengine ambayo kila mwanajumuiya anaweza kuyashika. Ukimfikia mtoto, mguse taratibu begani au mkononi ajue umekuja. Usimnyanyue ghafla, maana kwake ni kama kunyakuliwa na upepo. Uwe na alama yako mwenyewe, mfano bangili au ushanga, aipapase ajue ni wewe. Unapomwonyesha kitu, weka mkono wako chini ya mkono wake ili akufuate kwa hiari, usimkamate vidole na kumlazimisha. Ukiondoka, muage kwa kumgusa. Na ukimfanyia jambo, mpe muda ajibu. Jibu lake linaweza kuwa kutulia tu, au kugeuza kichwa.

Mkono mmoja haulei mwana

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Walisema pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mzigo usioubeba wewe unaonekana mwepesi. Yule mama niliyemtaja hakuhitaji mahubiri mengine. Alihitaji saa mbili.

Jumuiya yake ilipolielewa hilo, akina mama wanne walipanga zamu. Kila mmoja anakaa na mtoto asubuhi mbili za juma, wakati wa biashara ya chai. Mwalimu mmoja wa elimu maalumu aliyepita huku aliwaonyesha habari ya kijiko na ya kuweka mkono chini ya mkono. Mwanzoni mtoto aliwang'ata. Sasa anawapapasa viganja na kujua nani amekuja. Karasha la jirani likiwashwa anaweka nyayo zake chini na kucheka, kwa sababu ardhi inatetemeka. Haoni wala hasikii hadi leo. Ile kanga ya kitandani imerudi kuwa ya kumbebea.

Nawaomba viongozi wa jumuiya wafanye mambo mawili zaidi. La kwanza, wamsindikize mzazi kwa Ofisa Elimu Maalumu na Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Akienda peke yake anaweza kukata tamaa kwenye benchi la kwanza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawatambua watoto hawa kuwa na haki ya elimu na afya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unawataja viziwi wasioona waziwazi katika ibara ya 24 na kutaka wafundishwe kwa lugha na njia zinazowafaa. La pili, wamsaidie kuingia katika kikundi cha mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mama mwenye mtaji haangukii mikononi mwa wauza miujiza.

Walimu nao wanachoka

Shule zinazowapokea watoto hawa ni chache. Jijini Dar es Salaam ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambayo imewapokea viziwi wasioona pamoja na watoto wengine. Kenya wanayo shule ya Kabarnet, Baringo. Shirika la Sense International limefanya kazi na familia na walimu wa watoto hawa nchini Kenya, Uganda na kwetu. Walimu wa elimu maalumu wanaandaliwa katika Chuo cha Patandi, mkoani Arusha. Watu wazima wenye hali hii wana chama chao, TASODEB. Lakini kutoka Makongolosi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na mtoto anayeongea kwa kugusa hawezi kutenganishwa hivi hivi na mikono anayoijua. Ndiyo maana mwalimu aliye karibu ni zawadi kubwa.

Mwalimu huyo hafundishi darasa la watoto 60 wanaoimba jibu kwa pamoja. Anakaa na mtoto mmoja, mkono kwa mkono, wiki hadi wiki, pengine bila kuona matunda. Ndugu zake wanamuuliza ni kazi gani hiyo. Kumbuka kwamba Yesu mwenyewe, kabla ya kusema Efatha, aliugua. Marko hakuficha pumzi ile. Kumbeba mtu mwenye taabu kunachosha hata mikono ya Mwana wa Mungu. Basi ukiwa na mwalimu wa namna hii parokiani, au muuguzi, au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, usimwachie sifa tu. Mwalike chakula. Mlipie nauli ya kumfuata mtoto nyumbani. Mtaje katika maombi ya waamini.

Pete ya dhahabu

Nimalizie na somo la pili la leo, Waraka wa Yakobo 2:1-5. Yakobo anaeleza juu ya mtu anayeingia kusanyikoni na pete ya dhahabu na mavazi mazuri, na maskini anayeingia na nguo mbovu. Yule wa dhahabu anapewa kiti pazuri. Maskini anaambiwa asimame kule, au aketi chini. Yakobo anauliza kama hatujawa waamuzi wenye mawazo maovu.

Sisi wa mji wa dhahabu hatuwezi kusema somo hilo ni la wengine. Mwenye karasha akiingia kanisani, mhudumu anasogeza watu. Mama akiingia na mtoto anayepiga kelele na kujipigapiga, tunageuza shingo mpaka anatoka mwenyewe nje, chini ya mwembe, na Jumapili ijayo haji. Mtoto yule alibatizwa kama wewe. Padri anapobatiza humgusa mtoto masikio na mdomo katika ibada inayoitwa Efatha, ishara ile ile ya Injili ya leo. Kama tulimgusa siku ile kwa jina la Kristo, hatuna ruhusa ya kumkwepa baadaye.

Na Komunyo Takatifu? Papa Pius wa 10 alifundisha mwaka 1910 kwamba mtoto anayeweza kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, kadiri ya uwezo wake, asicheleweshwe. Mtoto kiziwi asiyeona anaweza kujifunza tofauti hiyo kwa kugusa na kuonja, mahali pale pale, na mikono ile ile inayomwongoza. Mzazi, njoo tuzungumze na katekista. Usimkatie mtoto wako tamaa mbele ya Bwana.

Sisi wengi hatukupewa karama ya kufungua masikio ya kiziwi, na mama wengi wameumizwa na watu waliojidai kuwa nayo. Vidole kila mmoja wetu anavyo. Juma hili mtafute mtoto huyo mahali unapoishi. Nenda na mtu mmoja wa jumuiya yako, piga hodi, msalimie mama kwanza, kisha uombe ruhusa ya kumgusa mtoto kiganja. Kaa naye saa moja, na kabla ya kuondoka mwambie mama utarudi siku gani. Halafu rudi siku hiyo.

Ee Bwana Yesu, uliyetia vidole vyako masikioni mwa yule ambaye wengine waliweza kumsemesha tu, wabariki watoto viziwi wasioona, watie nguvu mama zao, uwarudishe nyumbani baba waliokimbia, na uipe mikono yetu upole wa mikono yako. Amina.

Nawatakia Jumapili njema.